Sakafu Iliyong'aa ya Kianjokoma

Nilingoja hasira yangu ipoe kwanza ndipo niandike, lakini imekataa kupoa, kwa hivyo nimeamua kuandika nayo. Daktari wa kifua aliniambia nichague kati ya mbao na mapafu. Nimechagua mapafu, baada ya kulifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote mwenye haja ya kupumua, na sasa nimestaafu kazi ya kutengeneza bodi za pikapu pale Makutano nikiwa bado na meno yangu yote. Mkitaka kucheka, chekeni. Hata mama yangu alicheka kabla hajaanza kulia.

Ninyi mliobaki karakanani mliniomba niwaandikie yale niliyoyajua, kwa sababu Fundi Njeru hapendi kuongea, naye mwenye karakana, Bwana Kirimi, hapendi kunyamaza. Habari za mshahara nitaziacha. Mnazijua, na ni fupi.

Siku ya kwanza nilifika na digrii ya sayansi ya mbao na viatu ambavyo havikustahili oili. Usiku kucha nilikuwa nimefanya mazoezi ya jinsi ya kusalimia: je, niseme "habari za asubuhi" au ni rasmi mno kwa mahali penye mashine ya kuchomelea? Nilipofika nikasahau yote nikasema "samahani." Kirimi alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Karibu, Digrii," na kabla chai ya saa nne haijafika jina hilo lilikuwa limeshika. Halijabanduka hadi leo.

Alinikabidhi kwa Fundi Njeru, mtu wa Siakago kule nyanda kavu za Embu, ambaye huongea kuhusu mbao vile watu wa kwao huongea kuhusu mbuzi: huyu ana afya, huyu ana tabia mbaya, huyu uliuziwa gizani. Njeru alinionyesha pikapu kuukuu iliyokuwa imesimamishwa juu ya magogo.

"Lala chini yake," akasema.

"Hapa chini? Kwenye oili?"

"Kwani wewe sakafu ya gari utaiona ukiwa wapi? Kwa ofisi?"

Nikalala. Juu yangu kulikuwa na mbao za mukima, ule mti wa kivuli wa mashambani, zilizokuwa nyeusi kama makaa, zimeota uyoga kwenye viungo, na misumari imechungulia kama meno ya ng'ombe mzee.

"Unaona nini?"

Nikaanza kueleza: kuvu, unyevu, asidi, uchaguzi mbaya wa jamii ya mti. Nilikuwa bado naendelea aliponikatiza.

"Hiyo yote ni kweli. Lakini mimi naona mtu ambaye hakuulizwa gari yake itabeba nini. Hii ilikuwa ya maziwa. Maziwa humwagika kila siku. Aliyeijenga alidhani anajenga stoo ya mahindi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mnataka kuishia hapa, mnaweza. Kabla hujagusa mbao, uliza gari litabeba nini. Usiulize mteja anapenda rangi gani. Uliza mzigo ni upi, una maji au hauna, unasimama au unalala, una miguu au hauna.

Mzigo ukijulikana, mbao hujichagua yenyewe. Kwa mboga, magodoro na vitu vyepesi, saiprasi inatosha. Ni nyepesi na haimchomi mtu vibanzi. Kwa mawe na mchanga, tafuta mkaratusi uliokomaa, si vile vijiti vya kujengea vibanda, kwa sababu mkaratusi mchanga hujipinda kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Mukima waachieni wanaotengeneza viti vya sebuleni. Kwa mifugo, na kwa kitu chochote chenye maji, hakuna mti wa kuushinda mukau wa nyanda za chini, kama mteja anaweza kungoja ukauke.

Hawawezi kungoja. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia. Mtu anaangusha mti Jumatatu na Ijumaa anataka kuukanyaga ukiwa sakafu. Ukimwambia mbao bado inalia maji, anakutajia binamu yake ambaye alijengewa kwa siku mbili. Mimi nilikuwa nakata kipande, nakitia kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na kijiko cha chumvi kavu, nalala, asubuhi naitikisa chupa. Chumvi ikiwa imeshikana, mbao ni mbichi na hakuna mjadala. Kirimi aliiita chupa hiyo "mganga wa Digrii." Lakini Njeru, ambaye hugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, alikuwa anakuja kimyakimya kutazama kama chumvi imekubaliana naye. Mara nyingi walikubaliana. Walipotofautiana, sote watatu, yeye, mimi na chumvi, tulingoja wiki nyingine.

Mengine niliyotoka nayo ni haya. Funga kwa boliti zenye kichwa bapa, zizamishe kidogo, wala usitumie misumari, kwa sababu gari hutikisika na msumari hupanda juu kutafuta tairi la jirani. Acha nafasi ya msumari mnene kati ya ubao na ubao, maji yapite na mbao ipate pa kuvimbia. Upande wa gome uangalie juu. Ubao mkavu ukilowa utainuka katikati na kumwaga maji badala ya kuyakinga kama sahani. Ncha zilizokatwa zipake rangi siku hiyohiyo, maana mbao hunywea kwenye ncha. Wala msipake oili chafu ya injini, hata mkiombwa kwa machozi. Majani ya chai hushika harufu haraka kuliko uvumi, na mkulima akirudishiwa chai yake kwenye kituo cha kununulia, hatakumbuka kwamba ni yeye aliyeitaka oili hiyo.

Pakeni mafuta ya kitani. Yapashe moto kwa kuliweka kopo ndani ya sufuria ya maji, usiliweke kwenye moto wenyewe, upake nyembamba, ufute, ungoje, urudie. Na vitambaa mlivyofutia mvitandaze nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa hupata joto na kujiwasha vyenyewe. Nilipolisema hili mara ya kwanza karakana nzima ilianguka kwa kicheko. "Kitambaa kijiwashe! Kwani kimemeza kiberiti?"

Nakubali kwamba nilikuwa na hofu nyingi. Niliogopa vitambaa, niliogopa jeki, niliogopa kwamba boliti niliyoikaza jana nimeikaza kupita kiasi, na nilikuwa narudi kuilegeza na kisha kurudi kuikaza. Kosa la kuogopa kila kitu ni kwamba siku unapoogopa kitu cha kweli, watu wanakuwa tayari wamechoka kukusikiliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu ya Kianjokoma.

Mwenye kuiagiza kazi aliitwa Muriithi, kijana wa Kianjokoma mwenye kazi nzuri Nairobi. Alikuwa amemnunulia mama yake pikapu iliyotumika, na mama huyo, ambaye alikuwa mjane, alikuwa anahama kwenda Kaaga kuishi na binti yake karibu na wajukuu. Kabla ya safari kungekuwa na maombi ya gari nyumbani: mchungaji, kwaya, majirani, pilau. Mnajua maombi ya gari ya kwetu. Watu hulizunguka gari kama bibi arusi, na hakuna anayeondoka bila kuchungulia nyuma.

Muriithi alimwambia Kirimi kwa simu kwamba anataka sakafu ya mbao inayong'aa kama meza ya sebule. Kirimi akasema hakuna shida. Mimi nikaomba namba, nikapiga.

"Gari itabeba nini?"

"Itabeba jina la familia," akajibu.

"Na mizigo?"

"Vitu vya mama. Si uulize bosi wako?"

Nilipokata simu, neno "vitu" lilianza kunizunguka kichwani. Mjane wa Kianjokoma ana vitu gani? Ana majani ya chai, ana kuku, ana kitanda. Hakuna mama wa Kianjokoma asiye na ng'ombe. Nikapiga tena. Hakushika. Nilipotaka kupiga mara ya tatu akanijia Kirimi, maana Muriithi alikuwa amempigia kulalamika.

"Digrii, wacha kusumbua mteja wangu."

"Bosi, vitu vya mama vinaweza kuwa na kwato. Vanishi ikiwa kioo, ng'ombe hawezi kusimama."

Kirimi akawageukia wengine. "Wiki iliyopita vitambaa vilikuwa vinajiwasha. Juzi boliti zilikuwa zimechoka. Leo ni kwato! Kesho ataogopa kivuli cha tenki." Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa aibu, na kicheko hicho bado kinanikera kuliko chao.

Mbao zilikuwa mukau safi, mkavu, ambao Njeru alikuwa ameupanga stoo kwa muda mrefu akiungojea mzigo unaoufaa. Tulizipiga randa, kisha msasa mkavu, kisha msasa laini, kisha msasa laini zaidi. Mlango ulikuwa umefungwa ili vumbi la barabarani lisitue kwenye vanishi; vumbi la mbao halikuwa na pa kwenda ila kwetu. Niliomba barakoa. Kirimi akasema barakoa ni za hospitali. Nataka mlielewe hili vizuri: sakafu ya mifugo haihitaji msasa. Inatoka kwenye msumeno ikiwa na ukwaruzo wake, inapakwa mafuta, basi. Vumbi lililonimaliza lilitokana na kulainisha sakafu ambazo hazikutakiwa kuwa laini. Mapafu yangu yamejaa mng'aro wa watu wengine.

Njeru alikataa kugusa vanishi. Kirimi akaipuliza mwenyewe, safu juu ya safu, huku akipiga mluzi. Ilipokauka ungeweza kunyolea ndevu humo. Akapiga picha.

Siku ya maombi tulienda watatu kuipeleka. Desturi ni kwamba fundi naye huombewa mikono, tena hupewa pilau. Nilimwona Njeru akiweka tezo lake, kile kishoka cha kuchongea, ndani ya mfuko.

"La nini hilo?" Kirimi akauliza.

"Naenda kwa maombi. Kila mtu anabeba chake."

Boma lilikuwa limejaa. Mchungaji aliombea matairi, akaombea breki, akaombea dereva asiye na haraka. Alipoinamia sakafu ya nyuma aliona uso wake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekutana na mwenzake asiyemtarajia. Kwaya ikaimba. Muriithi alikuwa anasimama kila mahali palipokuwa na simu inayopiga picha. Kisha mama yake akatoka nyuma ya nyumba akivuta kamba, na mwisho wa kamba hiyo alikuwa Karembo, ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, tumbo limeshuka kwa mimba.

Nikaushika mkoba wangu wa vifaa.

"Mama, ng'ombe si atakuja siku ingine na lori?" Muriithi akasema kwa sauti ya chini.

"Siku gani? Hapa nyumba nimeshampa mpangaji. Karembo ndiye aliyekusomesha, atabaki na nani?" Mama alisema hivyo bila kupunguza mwendo. "Leta gari nyuma kwa ukingo."

Gari likarudishwa nyuma hadi kwenye ukingo wa shamba la chai, sakafu ikawa sawa na ardhi. Karembo akanusa ile mbao. Akaweka kwato moja, ikateleza. Akaweka zote mbili za mbele, na hapo zikaachana kama mkasi. Akaanguka kwa magoti, kidevu kikagonga vanishi, tumbo likabaki limeegemea ukingo wa chuma. Sijawahi kusikia ng'ombe akilia vile. Wanawake wa kwaya walishika vichwa.

"Msukumeni kwa nguvu! Ataingia tu!" Muriithi akapaza sauti.

"Sukumwa wewe ukiwa na mimba," mama yake akamjibu. "Mrudisheni pole pole."

Wanaume wakambeba nusu nusu, wakamrudisha. Alikuwa anatetemeka miguu. Mtu akaleta magunia wakayatandaza. Kwato ya kwanza ikayasukuma yote mbele kama zulia. Wakatupa majani ya mabingobingo, yakateleza nayo. Mama akamshika Karembo shingo, akasema bila kupaza sauti, "Haya. Asipopanda, na mimi sipandi. Mwambieni dada yenu nimebaki."

Muriithi akamtazama Kirimi. Kirimi akaniangalia mimi, kana kwamba kuogopa kwangu ndiko kulikoleta utelezi.

Njeru hakumtazama mtu. Alipanda nyuma ya gari, akavua viatu ili asianguke yeye, akatoa tezo mfukoni, akalipiga katikati ya ule ubao wa kwanza. Kipande cha vanishi kikaruka kama ganda la yai.

"Njeru! Hiyo ni kazi yangu!" Kirimi akapiga kelele.

"Najua. Naimaliza."

"We mzee, wacha!" Muriithi alikuwa amefika kwenye ukingo. "Hiyo gari imeombewa! Unakata gari ya maombi?"

Hapo mama yake akageuka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amefunga kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. "Muriithi, mchungaji ameombea safari, hakuombea rangi. Si ndiyo, Mchungaji?"

Mchungaji akakohoa. Kisha akaiondoa Biblia yake juu ya boneti, taratibu, ili isipate mtikisiko. Hilo lilikuwa jibu.

"Wewe kairitu," mama akaniambia, yaani msichana, "si wewe ndiye ulikuwa unapiga simu kuuliza gari itabeba nini? Nilisikia akikujibu akiwa hapa nyumbani. Panda umsaidie mzee."

Nilikuwa na patasi na nyundo kwenye mkoba, kwa sababu mimi hubeba kila kitu ninachoogopa kukikosa. Nikapanda. Tulikata alama zisizo na kina, zinazokingama ubao, kisha tukarudi tukazikata kwa mshazari, hadi ile meza ya sebule ikawa kama uso wa mwamba. Nilikuwa nakohoa, nalia, nakata. Sikuwa nimewahi kupiga patasi kwa hasira kama ile, na nawaambia, hasira ikipewa chombo chenye makali na mahali pa haki pa kukatia, hufanya kazi safi sana.

Tukashuka. Mama akalegeza kamba, akamwacha Karembo anuse mwenyewe. Akaweka kwato. Ncha ya kwato ikakutana na alama, ikashika. Akaweka ya pili. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele, mama akamnyamazisha kwa mkono: "Usimshtue!" Na boma lote lilinyamaza kumtazama ng'ombe akipanda gari, kimya kuliko walivyonyamaza wakati wa maombi.

Nilisafiri nyuma pamoja naye, nimeishika kamba yake. Runyenjes, Chuka, na ule mteremko wa Nithi ambao kila mtu huupita akiwa ameacha kuongea. Kwenye kila kona nilifikiria njia zote ambazo angeweza kuanguka, na kwenye kila kona alisogeza kwato, akatafuta alama, akasimama. Tulifika Kaaga akiwa wima. Wiki iliyofuata mimi na Njeru tulirudi kuzipaka zile alama mafuta ya kitani ya moto, maana mbao iliyokatwa ikiachwa hivyo hunywa maji. Ndama alikuwa amezaliwa. Alikuwa amesimama katikati ya njia na hakutaka kutupisha.

Mngedhani baada ya hapo mambo yalibadilika karakanani. Kirimi hakusema neno kuhusu siku hiyo, hata moja. Alichofanya ni kuchapisha ile picha aliyoipiga kabla hatujaondoka, sakafu iking'aa kama kioo, akaibandika ukutani penye wateja. Tangu hapo kila anayeingia anaielekezea kidole: "Nataka kama hiyo." Watu wa mbuzi wameitaka. Watu wa ng'ombe wameitaka. Tumewapigia msasa na mlango umefungwa, na mimi nimewauliza watabeba nini, na Kirimi amenijibu kwa niaba yao. Picha ile imedanganya watu mwaka baada ya mwaka bila kusema hata neno moja, na kila uongo wake ulipitia kifuani mwangu.

Kwa hivyo siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnakata keki kule nyuma, nilichelewa kidogo kuja. Mama wa Kianjokoma alikuwa amenitumia picha nyingine: Karembo nyuma ya pikapu, wima, miguu minne juu ya zile alama, anatazama kamera kama mtu aliyelipwa deni. Niliichapisha kubwa. Nikaibandika juu ya ile ya Kirimi, nikaifunika yote hadi pembe.

Najua ataipata Jumatatu na atawaambia muitoe. Msijisumbue. Nimetumia gundi ya mbao, ile isiyoogopa maji. Niliijaribu kwanza kwenye kipande cha mukau, nikakiloweka, nikakianika, nikakiloweka tena. Mnanijua. Haitoki.